Kiti cha Dirisha la Tatu

Jambo ambalo Glenys Probert hakuligundua kwa misimu mingi lilikuwa wazi mbele ya macho yake kila Alhamisi, na huenda ndiyo sababu hakuligundua. Katika ukumbi mrefu wa jumba la Marlhope, kule ghorofani, viti vya kale vimepangwa kando ya ukuta, na juu ya kila kiti pamewekwa ua kavu la miiba, ukubwa wa yai la bata, na kikonyo chake. Hakuna kibao kinachomkataza mtu kukaa. Watu wa Herefordshire, kaunti ya mashambani huko Uingereza, wangekiona kibao cha namna hiyo kuwa ni ukali usio na haja. Ua la miiba husema lile lile bila kumvunjia mtu heshima. Mgeni huliona, huelewa, hupita. Lakini kiti cha dirisha la tatu hakikuwa na ua. Glenys alimkalisha mumewe pale msimu baada ya msimu, akasimama kando yake wakitazama bustani na mistari ya miti ya matufaha, na hata mara moja hakujiuliza kwa nini, kati ya viti vyote vile, kimoja kiliachwa huru.

Alhamisi ilikuwa siku yao ya kutembea. Maurice alikuwa mpima ardhi wa kaunti hadi alipostaafu, na ramani zilikuwa ndani ya damu yake. Kila Alhamisi asubuhi aliitandaza moja mezani, kati ya chupa ya jemu na sahani za mkate, akaichungulia kana kwamba kaunti hiyo aliyoipima kwa miguu yake mwenyewe ingeweza kuwa imeongeza kilima usiku. Mwanzoni walikwenda kila mahali. Walipanda magofu ya ngome ya Goodrich, wakashuka hadi mto Wye, wakazunguka vijiji vya nyumba za mbao nyeusi na kuta nyeupe, wakaingia kanisa kuu la Hereford kuitazama ile ramani ya kale ya dunia, ambayo Maurice aliisogelea kila mara na kutikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi mwenye bidii. Mvua iliponyesha, nayo haikuwa na aibu ya kunyesha, walikaa garini na kula mikate yao ya jibini na achari huku vioo vikifunikwa na mvuke wa chai ya chupa, wakaiita hiyo pia siku njema.

Kisha ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemesha viungo, ukaingia nyumbani mwao, na ramani ikaanza kusinyaa. Kwanza zilitoka ngome, kwa sababu ya ngazi. Zikafuata bustani zenye njia za kokoto. Mwishowe Marlhope ikabaki karibu peke yake, kwa kuwa ngazi zake zilikuwa pana, za kupandika taratibu, zenye mkono wa kushikilia pande zote mbili, na juu ya ngazi hizo kilikuwapo kile kiti.

Glenys hakumwambia mtu. Daktari alijua, na binti yao aliyeko Bristol. Trish Yapp, jirani yao, hakuambiwa, bali alijionea mwenyewe kupitia dirisha la jikoni, naye akawa na adabu ya kutouliza. Kwa wengine wote Maurice alikuwa na mgongo unaomsumbua kidogo. Alipoulizwa hali, Glenys alijibu, "Hatulalamiki," kama alivyojibu mama yake na bibi yake, na swali likafia hapo hapo, salama.

Siri hiyo ilimtosha mpaka mwezi wa Agosti, walipojaribu bustani moja upande wa mashariki wa kaunti. Katika mkahawa wake Maurice alisisitiza kubeba trei mwenyewe. Mkono ulimgeuka. Birika, vikombe, skonzi na kopo la krimu vyote vilikwenda sakafuni kwa mlio uliozima mazungumzo ya chumba kizima. Kilichomuumiza Glenys hakikuwa mlio, kilikuwa kimya kilichofuata. Hakuna aliyewatazama. Kila mtu aliinamia sahani yake. Kwenye meza ya jirani mwanamke mmoja akaanza kusema kwamba anga la magharibi lilionekana kuwa na dalili za kutakata. Msichana wa mkahawa alifagia vigae, akasema haina shida, naye pia hakuinua macho. Glenys alikisoma kimya kile kuwa ni aibu ya watu wanaosubiri mgonjwa aondoke. Njiani kurudi nyumbani, Maurice akiwa amesinzia kando yake, alikata shauri. Wangekwenda Marlhope kwa mara ya mwisho Alhamisi moja ya Oktoba kabla jumba halijafungwa kwa majira ya baridi, na huko, wakila skonzi, angemwambia kwa upole kwamba basi, siku za kutembea zimekwisha.

*

Alhamisi hiyo ilipofika gari lao la kijani lilikuwa gereji, likingoja breki mpya. Trish alijitolea kuwapeleka kwa gari lake dogo jekundu.

"Na mlitegemea nini kingine?" alisema akimsaidia Maurice kufunga mkanda kiti cha mbele. "Lile gari lenu lingepelekwa makumbusho. Wageni wangepanga foleni kuliona."

"Lina adabu," Maurice alisema. "Halipigi kelele kama mwenye hili."

"Msikilize huyu. Nimebebeshwa mzee mwenye maneno."

"Nimebebwa kama gunia la viazi, na bado unataka nisifie."

Glenys, aliyekaa nyuma na chupa ya chai mapajani, alicheka pamoja nao, lakini kichwani alikuwa akiipanga upya hotuba aliyoiandaa. Walipita mashamba ambako matufaha ya kukamuliwa kileo cha saida yalikuwa yamerundikwa chini ya miti, mekundu na ya manjano juu ya nyasi zilizolowa. Maurice alikuwa ameikunjua ramani magotini, ingawa hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kupotea kwenye barabara hiyo. Ramani ilitetemeka pamoja na mikono yake, na alikuwa akiyataja majina ya vilima kimoja kimoja, si kwa sauti ya mwongozaji, ila ya mtu anayewasalimu marafiki.

Langoni mwa Marlhope alisimama Norman Skyrme kama kawaida, mkulima mstaafu aliyevaa koti la manjano linalong'aa, akijitolea kuongoza magari. Kwa kawaida Norman alipoliona gari la kijani aliinua mkono wote, akawasimamisha kando ya mlango wa jumba, chini ya mlinden, mti mkubwa wa kivuli. "Pitieni hapa," alikuwa akisema. "Kule chini kuna tope." Leo alilitupia macho gari jekundu, akaona dereva asiyemfahamu na kofia ya mzee, na kwa kidole kimoja akaielekeza njia ya shamba la chini.

Trish aliegesha, akashuka, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Mbona pakavu?" Glenys alisema. "Norman hutwambia kila mara kwamba huku kuna tope."

"Tope liko wapi? Hapa mtu anaweza kucheza kriketi."

"Alisema hivyo hata ule mwaka wa ukame."

"Basi nyinyi anawapenda. Mimi hata sura hakuitazama." Trish alivuta mkoba wake begani. "Haya, mie naelekea kwenye miche ya kuuza. Mkinikosa huko, nitafuteni penye keki."

Kutoka shamba la chini hadi mlangoni ni mwendo mdogo kwa mtu mzima na safari kwa Maurice. Walisimama kwenye lango la bustani, wakasimama tena kwenye kisima cha kale. Glenys alijifanya anasoma majina ya mawaridi ya mwisho wa msimu ili mumewe apate kupumua. Walipofika mapokezini, basi kubwa lilikuwa limewashusha wageni kutoka mji wa Walsall, na mwanamke wa tiketi alikuwa amezama kati ya makoti na maswali. Walionyesha kadi yao ya uanachama kwa mbali, wakapita.

Juu ya ngazi, kwenye mlango wa ukumbi mrefu, miguu ya Maurice iligoma. Ilikuwa tabia ya ugonjwa wake: kwenye uwazi alitembea, kwenye kizingiti nyayo zikashikwa na sakafu. Hapo Marlhope, hata hivyo, hakugoma muda mrefu kamwe. Sakafuni palibandikwa utepe wa manjano kukata mlango, na Maurice aliutazama, akainua goti, akauruka kama mtu anayevuka kijito. Glenys siku zote alidhani utepe ule unashikilia zulia.

Ukumbini, Hester Lilwall alikuwa mwisho kabisa, amezungukwa na wageni wa Walsall. Hester alikuwa mmoja wa wale wanaojitolea kuvilinda vyumba, mwanamke mrefu wa mvi, sweta la zambarau, kitambulisho shingoni na simu ya upepo kiunoni. Alikuwa akieleza habari za bibi mmoja kwenye picha aliyewakataa wachumba watatu na kumkubali yule ambaye mbwa wake alimpenda. Wageni walikuwa wakicheka. Hakuwaona waliokuwa wakiingia.

Maurice alikwenda moja kwa moja hadi dirisha la tatu. Aligeuza mgongo taratibu, akagusa mikono ya kiti nyuma yake kama alivyofanya Alhamisi zote, akajishusha bila kuangalia.

Kisha akainuka. Glenys hakuwahi kumwona akiinuka kwa kasi hiyo tangu mwaka walipooana na nyigu akaingia garini.

"Glenys," alisema kwa sauti ya upole kabisa, "kiti hiki kimeniuma."

Wageni waligeuka. Mwanamke mnene wa Walsall mwenye koti la mvua alinyoosha shingo. "Maskini. Hukuliona hilo dude, babu?"

"Nimeliona sasa hivi," Maurice alisema, akijipapasa. "Kwa upande wa nyuma."

Kicheko kilisambaa ukumbini, lakini masikio ya Glenys hayakukipokea. Aliliona ua lililobonyea juu ya kiti, akaona mumewe, mtu aliyeheshimu mipaka maisha yake yote, amesimama mbele ya watu kama mwizi wa kiti cha kale. Ilikuwa ni Agosti tena. Alimshika mkono.

"Tusameheni," alisema. "Hakutazama. Tunaondoka sasa hivi."

Lakini Hester alikuwa tayari amewapita wageni wake, anakuja mbio mbio kwa namna ambayo wafanyakazi wa jumba la kale hawaruhusiwi kukimbia.

"Bwana Probert, niwie radhi. Niwie radhi sana. Norman hakusema kitu." Alimgeukia Glenys akihema. "Mmekuja na gari gani leo?"

Glenys alimtazama. "Gari?"

"Lile la kijani liko wapi?"

"Liko gereji. Gari linahusiana nini na…"

Hester aliinama, akaliokota ua la miiba kwa vidole viwili, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha. Aliliweka bila kuangalia, kama mtu anavyoweka funguo nyumbani kwake. Na pale alipoliweka, rangi nyeupe ya mbao ilikuwa imejaa mikwaruzo midogo midogo ya miiba, mmoja juu ya mwingine.

Simu ya upepo ikakohoa kiunoni mwake.

"Hester," ilisema sauti ya Norman. "Watu wa dirisha la tatu leo sijawaona. Wamekwenda kwingine, au ni wagonjwa?"

Hester alifumba macho kidogo. Akabonyeza kitufe. "Wako hapa, Norman. Wamekuja na gari jekundu."

Simu ikakwaruza.

"Lile nililolipeleka shamba la chini?"

"Hilo hilo."

"Ah," sauti ilisema. Kisha: "Mwambie mama nimekosa."

"Utamwambia mwenyewe. Mimi nina langu la kumwambia."

*

Wageni wa Walsall walipohamia chumba kingine, Maurice alikuwa amekwisha kukaa, safari hii baada ya kupapasa kiti vizuri. Hester alisimama dirishani, mikono ndani ya mifuko ya sweta. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa akifanya wema na asijue ajitetee vipi.

"Kuna mwaka mlikuja," alianza, "Bwana Probert akasimama hapa ameushika ubao wa dirisha kwa mikono yote miwili. Nikauliza kama yu mzima. Wewe ukaniambia anatazama mandhari."

"Nakumbuka," Glenys alisema. Hakukumbuka.

"Kulikuwa na ukungu siku hiyo. Hata bustani haikuonekana." Hester alitabasamu kidogo. "Nilitaka kukuletea kiti, lakini nilijua ungekataa. Ningekuwa wewe ningekataa. Basi Alhamisi iliyofuata nikamwendea mtunza jumba. Akaniambia hiki cha dirisha la tatu kilitengenezwa baadaye kuliko vingine, kikatiwa kitako kipya, hakina neno mtu akikikalia, mradi kisikaliwe na kila mtu. Kwa hiyo ua likae wakati wote, ila mkija. Na ili nijue mnakuja, ikabidi Norman anipashe."

"Norman na tope lake," Glenys alisema polepole.

"Hana ujuzi wa kudanganya, masikini. Ndilo neno pekee alilolipata."

"Na huo utepe mlangoni?"

"Huo niliubandika mimi. Mdogo wangu, Gareth, alikuwa na ugonjwa huo huo. Miguu ikimgoma, ukimchorea mstari anavuka."

Glenys aliutazama ukumbi mrefu kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuingia. Mambo yalianza kumjia moja moja, kila moja likigeuka na kuonyesha uso mwingine. "Mkahawani," alisema. "Chai yetu huja katika vikombe vizito. Nusu. Wenzetu wote wanapewa birika."

Hester alikohoa. "Kikombe kizito hakitikisiki sana. Na kikijaa nusu hakimwagiki."

"Nilimwambia mpishi wenu kwamba Marlhope inabana chai."

"Ulimwambia, ndiyo. Alicheka wiki nzima. Mpaka leo, birika likikaribia kwisha, jikoni wanasema tumwite Bi Probert."

Glenys alitafuta mahali pa kukaa, na kwa kuwa viti vyote vingine vilikuwa na miiba, alikaa kwenye ukingo wa dirisha, kando ya ua. Alifikiri juu ya vikombe vyote vile alivyovinung'unikia. Akafikiri pia juu ya ule mkahawa wa Agosti, vichwa vilivyoinama, yule mwanamke na anga lake la magharibi. Hakuwa na njia ya kujua. Pengine ilikuwa aibu kweli. Lakini pengine watu wale walikuwa wakifanya walichokijua pekee, wakimwachia Maurice nafasi ya kuokota heshima yake pasipo macho ya mtu, kwa namna ile ile ambayo yeye mwenyewe, mahali pao, angeinamia sahani yake na kuizungumzia mvua.

"Mimi nilijua," Maurice alisema.

Wanawake wote wawili walimgeukia.

"Ulijua nini?"

"Habari za kiti. Ua lilikuwa hapo dirishani kila Alhamisi, mke wangu, na kiti kitupu chini yake. Mimi natetemeka, si kipofu."

"Na hukuniambia."

"Ungesema tusirudi tena."

Glenys hakuweza kukataa. Angesema hivyo hivyo. Angeshukuru kwa ukavu, angemshika mumewe mkono, na Alhamisi iliyofuata ramani ingebaki imekunjwa. Maurice kwa upande wake, na Hester na Norman kwa upande wao, walikuwa wamelilinda jambo moja bila kuambiana, na jambo lenyewe lilikuwa ni yeye na fahari yake.

"Basi mbona leo hukuangalia," alimuuliza, "kama ulijua habari za ua?"

"Kwa sababu nikija halijawahi kuwapo kitini." Maurice alimwinulia Hester kofia, kofia ikacheza hewani. "Bi Lilwall, mmenidekeza. Sasa nakaa popote kama mfalme."

Hester alicheka, kisha akamtazama Glenys, na katika kutafuta neno la kuyafunga mazungumzo akashika lile lililo karibu na kila mtu. "Na nyinyi kwa jumla, Bi Probert? Mwaka huu mmeuonaje?"

"Hatulala…" Glenys alisema, akakoma.

Nje, mtu alikuwa akisukuma toroli la majani makavu kwenye njia ya bustani. Glenys alilisikiliza gurudumu lake mpaka likapinda kona.

"Ana Parkinson," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka kinywani mbele ya mtu asiye wa nyumbani. "Unajua tayari, lakini nakwambia. Mwaka huu umekuwa mgumu. Usiku halali vizuri, na mimi silali. Mkono wa kulia unazidi. Na mimi nimechoka, Hester. Nampenda na nimechoka."

"Najua," Hester alisema. "Nimekuwa huko." Hakumshika bega, wala hakumkumbatia, watu wa kaunti ile hawarukii hivyo. Alivuta simu ya upepo, akaipeleka mdomoni. "Jikoni, hapa ukumbini. Dirisha la tatu wanashuka. Andaeni meza yao. Na safari hii mkiona wanalia, msishangae."

"Nani analia?" Maurice alisema. "Mimi nina maumivu ya mahali pengine."

*

Trish alikuwa tayari mezani, mbele yake keki ya kahawa na kokwa za jozi iliyokwisha kubomolewa upande mmoja, na chini ya kiti miche katika mfuko. Walimsimulia. Alimsikiliza Maurice hadi mwisho na uso mkavu kabisa.

"Kwa hiyo," alisema, "nimewaendesha kutoka nyumbani mpaka hapa ili uje ukalie mwiba."

"Na uliendesha vizuri."

"Nitawaambia watu wa kijiji kizima."

"Waambie," Glenys alisema, na Trish, aliyekuwa ametania tu, aliinua macho.

Chai ikaja katika vikombe vizito vya udongo, nusu, ikiletwa na mpishi mwenyewe, mwanamme mwenye mikono ya unga aliyetazama juu ya kichwa cha Glenys kwa aibu. Glenys alikuwa ametunga shukrani ndefu wakati wa kushuka ngazi. Sasa aliona neno refu lingemchoma mtu yule zaidi ya malalamiko.

"Ahsante," alimwambia. "Imejaa vya kutosha."

Mpishi alifikiri kidogo. "Naweza kuongeza ikiisha, mama."

"Naomba uongeze."

Alipokwenda zake, na Trish alipokwenda kulipia miche, Maurice alikizungushia kikombe mikono yote miwili mpaka kikatulia.

"Ulikuwa na la kuniambia," alisema. "Tangu asubuhi unalikunja na kulikunjua kama leso."

Glenys hakuona sababu ya kumficha tena, kwa kuwa siku hiyo kuficha kulikuwa kumekwisha kumchosha. "Nilikuja kukwambia kwamba hii ndiyo Alhamisi ya mwisho."

Maurice aliitikia kwa kichwa, polepole, macho kwenye chai. "Nilidhani hivyo. Ndiyo maana leo nilivitaja vilima vyote."

Glenys akakumbuka sauti ile garini, majina yakitoka moja moja, na akaelewa kwamba mumewe hakuwa akiwasalimu marafiki bali akiwaaga. Aliuweka mkono wake juu ya mikono yake na kikombe kwa pamoja.

"Wanafunga mwisho wa mwezi," alisema. "Alhamisi ijayo bado wapo wazi. Nimeuliza."

"Na baada ya hapo?"

"Kuna kanisa kuu. Hawafungi. Ile ramani yao bado ina makosa."

"Makosa mengi," Maurice alisema, na sauti yake haikuwa imara, lakini sauti yake haikuwa imara siku hizi hata akiomba chumvi. Alikunywa. Hakuna kilichomwagika.

Walipotoka, Norman alikuwa akiwangoja chini ya mti wa mlinden, kofia mkononi, koti la manjano limefungwa vifungo vyote kama la mtu aliyeitwa mahakamani. Alimnyooshea Trish kiganja.

"Nipe funguo, niwaletee gari hapa juu."

"Nani akupe funguo zangu? Asubuhi umenisukumia huko chini kama mbuzi."

"Nisamehe, dada. Lakini huwezi kumshusha mzee kule." Norman alijaribu kumtazama Glenys usoni, akashindwa, akashika njia aliyoizoea. "Kuna tope."

Wote wanne waliligeukia shamba la chini. Jua la jioni la Oktoba lilikuwa limepenya mawingu na kulala juu ya nyasi kavu, na gari jekundu lilikuwa limekaa katikati yake kama tufaha lililosahauliwa.

"Tope kubwa," Glenys alisema. "Mpe funguo, Trish. Na wewe Norman, ahsante. Kwa leo, na kwa ule mwaka wa ukame."

Tangu wiki hiyo, mtu alipouliza habari za Maurice, Glenys alimweleza jinsi hali ilivyokuwa. Na kila Alhamisi, kabla ya kuwasha gari, alipiga simu mahali walipokuwa wakienda kuwaambia kwamba wanakuja wawili, na kwamba mmoja wao atahitaji kiti.